Kamba ya Kindi na Nguzo za Tembo

“Kwa nini mnang’oa mti, mnaukausha, halafu mnausimika palepale palipokuwa na mti?”

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao, majiko yao na wakwe wa kuwasumbua kama sisi, Kindi aliuliza swali hilo mbele ya Baraza la Msitu. Tembo akakohoa. Kifaru, mwenyekiti wa Baraza, akatazama juu kana kwamba swali limeruka na kutua kwenye tawi. Nyani akajikuna. Kisha Baraza zima likainuka, likaenda kula.

Kindi akabaki amesimama peke yake uwanjani. Na msidhani aliuliza kwa ujeuri. Siku ile alikuwa haelewi kweli.

Sogeeni basi niwaeleze kilichomchanganya.

Msitu ule ulikuwa na kamba za kuzungumzia. Unachukua kibuyu, unakikata, unakiwamba ngozi mdomoni, unapitisha kamba katikati, unaivuta mpaka kwa mwenzako aliye mbali, naye ana kibuyu chake. Ukisema huku, yeye anasikia kule. Kamba zote zilikuwa za Tembo. Zilikuwa nene kama mkia wa mamba, nazo zililala juu ya nguzo nene kama miguu ya Tembo mwenyewe. Nguzo hizo zilikuwa miti aliyoing’oa kwa mkonga wake, akaikausha juani, akaisimika upya.

Wadogo hawakuwa na kamba yao. Waliruhusiwa kuunga vikamba vyao kwenye kamba ya Tembo, waongee kupitia humo. Kindi ndiye aliyekuwa na kibanda cha vibuyu huko bondeni. Panya, Sungura, Digidigi na Nungunungu wote walikwenda kwake kuwasalimu ndugu zao.

Sasa, kamba zote zilipita kwa Nyani, mtumishi wa Tembo, na Nyani alikuwa na kazi moja tu. Mkubwa akianza kuongea, Nyani anaipiga fundo kamba ya mdogo. Sauti ikifika kwenye fundo, kimya. Inafia hapo.

“Subirini, laini ina watu,” Nyani angesema, huku anamenya ndizi.

“Tumesubiri tangu asubuhi, kaka.”

“Basi mmeshazoea.”

Hivyo ndivyo walivyoishi, mpaka masika yalipokuja na balaa.

Kindi alikuwa na dada yake aliyeolewa juu mlimani, kule mto unakotokea. Siku moja dada aliona maji yanafura, mekundu, yanaviringisha magogo. Akashika kibuyu. “Maji yanakuja! Tokeni bondeni!” Sauti ikashuka mlima, ikapita mabonde, ikafika kwa Nyani. Ikakuta fundo.

Saa hiyo mama yake Tembo, ambaye naye aliishi mlimani, alikuwa anamsimulia mwanawe habari za maboga. Boga hili limeoza upande mmoja. Boga lile limeibwa na ngedere. Hili lingine, mwanangu, sijui nilichemshe, sijui nilichome.

Maboga yaliendelea, na maji yakafika bondeni kabla ya habari za maji. Pwaa! Mashimo yakajaa. Nungunungu akatoka na mtoto wake mmoja mdomoni.

Alikuwa na wawili.

Nyani alipofungua fundo, kwenye kamba ilibaki sauti ya dada yake Kindi, imekauka, inauliza, “Mmetoka? Nijibuni. Mmetoka?”

Ndiyo maana, masika mengine yalipokaribia, Kindi alikwenda Barazani kuomba wadogo watandaze kamba yao wenyewe.

“Hakuna anayekataa,” Tembo alisema kwa upole wa mtu aliyeshiba. “Fuata tu utaratibu. Anayetaka kamba lazima awe na nguzo. Anayetaka nguzo lazima ang’oe mti kwa nguvu zake mwenyewe, mbele ya Baraza. Haya, mti ule pale.”

Kindi akautazama mti. Akaukumbatia kwa mikono yake miwili. Akavuta. Mh. Mh. Likadondoka jani moja, likamwangukia kichwani.

Wakubwa walicheka mpaka Kifaru akapaliwa.

“Umeona, binti?” Tembo akasema. “Nyinyi hamna nguvu za kujenga. Na mkiruhusiwa, mtaujaza msitu kamba kila mahali, tujikwae.”

“Mzee, naomba unisaidie hapo,” Kindi alisema, akitoa lile jani kichwani. “Kama hatuna nguvu za kujenga, ruhusa yako haitaharibu kitu, kwa kuwa hatutajenga. Na kama tutaujaza msitu kamba, basi nguvu tunazo. Lipi ni lipi?”

“Usimtege mzee,” Kifaru akafoka.

“Simtegi, Mwenyekiti. Sielewi.”

Ndipo alipouliza swali lake kuhusu miti, nao wakaenda kula.

Jioni alimkuta Nungunungu mlangoni kwake, anafagia matope ya mwaka jana yaliyokauka kwenye shimo lake. Mtoto alikuwa amelala pembeni.

“Wamesemaje, mwenzangu?”

“Wamesema ning’oe mti.”

“Ung’oe mti ili upate nini?”

“Nguzo.”

“Nguzo ya nini?”

“Ya kuwekea kamba juu.”

Nungunungu akaacha kufagia. “Kwani wewe kamba zako unaziweka wapi ukianika nguo?”

“Nafunga kwenye mti.”

“Mti upi?”

“Huu hapa, uliosimama kati ya mlango wako na wangu…” Kindi akautazama mti. Akautazama mwingine nyuma yake, na mwingine, na mwingine, miti imepangana mpaka mlimani, yote imesimama yenyewe bila kusimikwa na mtu. “Dada yangu,” akasema polepole, “mimi ni mjinga, au wao ndio wajinga?”

“Sijui. Lakini masika yanakuja, na mimi nimebakiwa na mmoja.”

Kindi hakulala vizuri. Kulipokucha alijua la kufanya, ila lilikuwa na shida moja. Kamba ya wadogo ingekuwa nyembamba. Tembo akiiona, ataivuta kwa ncha ya mkonga, pwu, imekwisha. Kuitandaza ilikuwa rahisi. Kuilinda ndiyo kazi.

Na hapa lazima niwaambie desturi ya Baraza lile. Wakishapitisha sheria, Kifaru aliikanyagia mguu kwenye udongo laini wa uwanja. Sheria ilikuwa hai muda wote ule unyayo unaonekana. Mtu hakuruhusiwa kuupinga, hata Tembo, hata Kifaru mwenyewe. Masika yakija, mvua inafuta nyayo zote, na wanyama wanaanza upya. Msiniulize kwa nini. Kindi aliwahi kuuliza, wakaenda kula.

Baraza lilipokutana tena, Kindi aliingia anasaga meno. Krr, krr, krr.

“Una baridi?” Nyani akamuuliza.

“Hapana, kaka. Meno yanakua. Sisi akina kindi tusipotafuna kitu meno yanatuzidi mdomo. Jana nimeikalia kamba ya mzee kidogo tu, nipumzike.” Krr. “Inanukia vizuri.”

Tembo alidondosha majani aliyokuwa anatafuna. “Umekalia nini?”

“Kidogo tu, mzee. Na binamu zangu nao wanasema inanukia. Tuko wengi mwaka huu, Mungu ametujalia.”

“Mwenyekiti!” Tembo akasimama, ardhi ikatikisika. “Nataka sheria. Leo hii. Mtu asiguse kamba ya mwenzake.”

“Jamani,” Kindi akalia, “hata kuigusa?”

“Hata kuigusa.”

“Hata kuiegemea?”

“Hata kuivutia pumzi.”

“Na yeye je? Asiguse yangu?”

Nyani akaanza kucheka, Tembo akafuata, mwisho Baraza zima likawa linagaagaa.

“Yako ipi?” Tembo akasema, machozi yanamtoka. “Yako ipi, binti? Ile ya kuanikia nguo?”

“Nauliza tu, mzee. Mimi huwa sielewi mambo.”

“Sheria haina upande,” Kifaru akasema, akijipa heshima. “Hakuna mtu kugusa kamba ya mwenzake. Mdogo wala mkubwa.”

“Na ya miti mwongezee,” Tembo akasema. “Wadogo wasing’oe mti, wala wasisimike nguzo. Watavunjika migongo bure, tuje kulaumiwa.”

“Lo, mzee,” Kindi akasema, ameinamisha kichwa. “Umetumaliza.”

Kifaru akainua mguu. Tii. Unyayo ukakaa kwenye udongo, mkubwa kama sinia.

Usiku uleule bondeni hapakuwa na aliyelala. Panya walichambua mkonge mwitu na kusokota nyuzi mapajani, vuru vuru vuru. Sungura walikata vibuyu. Nungunungu aling’oa miiba mgongoni mwake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, bila kuguna, na Kindi akaipachika kwenye magome ya miti kuwa vishikizo. Kisha akina kindi wakashika uzi midomoni na kuruka nao. Paa, mti huu. Paa, mti ule. Hawakung’oa kitu. Hawakusimika kitu. Kulipopambazuka, kabla majani hayajakauka umande, uzi ulikuwa umefika mlimani.

“Dada?” Kindi akasema kwenye kibuyu.

“Nani mwenzangu? Mbona leo Nyani hayumo?”

Kindi akampa Nungunungu kibuyu, naye akakishika sikioni, anasikiliza tu upande wa pili mtu anapumua.

Habari zilimfikia Tembo, akaja mbio. Akasimama chini ya uzi, akatazama juu, akatazama chini.

“Hiki ni nini?”

“Kamba, mzee.”

“Nguzo yake iko wapi?”

“Haina.”

“Mmeng’oa mti gani?”

“Hakuna.”

“Sasa imesimamaje?”

“Imeshikwa na miti.”

“Miti ipi?”

“Hii.”

Tembo akauzunguka mti mzima, akarudi alipoanzia. “Mti mbichi haubebi kamba,” akasema.

“Unaibeba.”

“Haubebi. Mti mbichi ni chakula.”

“Mzee, tazama juu.”

Akatazama juu kwa muda mrefu. Masikio yakapepea, yakatulia. Nawaambieni, katika msitu ule hapajawahi kuwa na mnyama mkubwa aliyechanganyikiwa kama Tembo alivyochanganyikiwa siku ile. Kisha akainua mkonga.

“Unyayo bado upo, mzee,” Kifaru akasema nyuma yake, bila furaha. Alikuwa amemfuata. “Nimekanyaga mwenyewe. Hakuna mtu kugusa kamba ya mwenzake. Ule utaratibu wa nguzo hatukuwahi kuukanyagia.”

Mkonga ukabaki hewani. Kisha ukashuka.

“Sawa,” Tembo akasema. “Masika si mbali. Mvua ikifuta unyayo, nitarudi.”

Tangu siku hiyo akawa anakaa kando ya unyayo uwanjani, anatazama mawingu. Yeye aliyekuwa akichukia mvua, sasa akiona kiwingu anakisalimu. Na bondeni, wale ambao kila mwaka walilala mlango wazi kwa hofu ya maji, sasa walikuwa wanaogopa kitu kingine. Wanahitaji kamba kwa sababu ya mvua, na mvua hiyohiyo ndiyo itakayoiua kamba. Kindi alilizungusha jambo hilo kichwani mpaka kichwa kikamuuma.

Mwisho alishika kibuyu. “Dada, huko juu jirani yako si mama yake Tembo?”

“Ndiye. Anapiga soga na ukuta. Anasema kamba ya mwanawe inamuumiza sikio, nene mno.”

“Mkaribishe kwako. Mwambie kwetu hakuna foleni. Aje kila asubuhi, azungumze atakacho.”

“Atazungumza maboga.”

“Na ayazungumze.”

Bibi akaja. Akakipenda kibuyu cha kindi, chepesi, hakikwaruzi. Kila asubuhi aliwasimulia Panya na Sungura habari za maboga yake, nao wakaitikia, naam bibi, ehe bibi, pole bibi.

Mvua ikaanza. Kwanza tone, tone. Kisha ikamwagika kama imetupwa na ndoo. Uwanjani unyayo wa Kifaru ukajaa maji, kingo zikalegea, zikabomoka, ukawa dimbwi kama madimbwi mengine. Tembo akainuka.

Akashika njia ya bondeni, matope mpaka magotini. Nyuma yake nguzo ya kwanza ikaanguka. Kwaa! Akageuka. Ya pili. Kwaa! Unajua mti mkavu ukiwekwa ardhini, mchwa hawaombi ruhusa ya Baraza. Walikuwa wameshakula ndani, limebaki ganda. Na mizizi ya kuushika hauna, aliikata mwenyewe. Nguzo zikalala mstari mzima, kamba nene zikaburutika chini. Nyani alikuwa amekwama katikati yake, ndizi mkononi.

“Laini ina matope,” akasema.

Tembo hakusimama. Hasira ikikushika hivyo husikii hata kinachokuangukia. Alifika bondeni, akaukuta uzi wa Kindi uko palepale, miti inayumba na upepo nao unayumba nayo. Chini yake alisimama Nungunungu na mtoto wake.

“Pisha.”

“Sipishi,” Nungunungu akasema. Mgongo wake ulikuwa na mapengo kila mahali alipong’oa miiba. Tembo angeweza kumpuliza akaruka.

Tembo akanyoosha mkonga juu yake, akaushika uzi.

“Vuta, mzee,” Kindi akasema kutoka tawini. Safari hii hakuwa anaigiza. “Sheria imefutika, sina hoja tena. Ila kabla hujavuta weka sikio hapa. Kuna mtu anakuulizia.”

Akamshushia kibuyu. Sijui kwa nini Tembo alikipokea. Labda kwa kuwa alishachoka kutoelewa.

“…na wewe mtoto ndiyo tabia gani hiyo?” kibuyu kikasema. “Tangu alfajiri naita kwenye kamba yako, kimya. Bila hawa majirani ningekufa na la kusema moyoni.”

“Mama?”

“Abee, mwanangu. Sasa nisikilize, maana boga langu lile kubwa limekwenda.”

“Mama, nina shughuli kidogo, niko bondeni…”

“Uko wapi?” Sauti ikabadilika. “Mwanangu, boga limekwenda na maji. Jiko limekwenda na maji. Mto umepita hapa sasa hivi na magogo, unateremka huko. Huyu binti hapa ananivuta kibuyu awaambie. Toka bondeni. Toka na kila uliyenaye.”

Mkonga ukauachia uzi.

Kila mara nikifika hapa watu huniuliza kama Tembo aliona haya. Hapakuwa na nafasi ya haya. Alipiga mbiu moja iliyosikika msitu mzima, akainama, Panya na Sungura wakampanda miguuni, Digidigi akatangulia kuonyesha njia, na Kifaru akasukuma vichaka wapite. Nungunungu alipanda kilima kwa miguu yake, mtoto mdomoni. Maji yalipofika yakaingia shimo moja baada ya jingine, yakatafuta, hayakukuta mtu.

Juu ya kilima wakakaa, wakubwa na wadogo, wamelowa sawasawa. Nungunungu akamweka mtoto chini, akamtazama, akamshika sikio, akalishika na la pili, kama mtu anayehakikisha. Kindi alimwona. Ndipo akageuka.

“Mzee Tembo,” akasema. “Lile swali langu. Kwa nini mnang’oa mti, mnaukausha, halafu mnausimika palepale palipokuwa na mti?”

Safari hii hapakuwa na chakula cha kuendea.

“Sijui,” Tembo akasema.

“Hujui?”

“Nilimkuta marehemu baba anang’oa. Naye alimkuta babu.”

“Mimi nilidhani mzee anajua,” Kifaru akasema, anatazama miguu yake.

“Na mimi nilidhani Mwenyekiti anajua,” Nyani akasema.

Kindi akakaa kitako. Alikuwa amejiandaa kwa kila jibu. Kama wangesema ni kwa ajili ya usalama, alikuwa na hoja. Kama wangesema ni kwa ajili ya faida, alikuwa na hoja mbili. Kwa hili hakuwa na kitu. Watu wamezibwa midomo, shimo la jirani yake limepungua mtoto, na nyuma ya yote hayo hamna hata sababu mbaya. Hamna kitu kabisa. Alichanganyikiwa kuliko siku ya kwanza.

Mvua ilipokatika Kifaru alishuka uwanjani, akakanyaga udongo mpya. Tii. Kila mwenye kamba na atandaze, kwenye mti wowote uliosimama, na mafundo yasipigwe.

Funzo ni hili: asiyejua kwa nini ameiziba njia hana haki ya kuiziba.

Nawe uliyenisikiliza, nina ombi moja. Ukiuliza swali, watu wakainuka wakaenda kula, subiri warudi, kisha waulize tena.